Senga wa Sufuria: Ngano nimekatazwa, sasa nitakula wapi?

Mwezi huu barua karibu zote ni za ngano. Toleo lililopita nilichomekea kidogo tu kwamba mimi chapati siigusi mwaka wa saba sasa kwa sababu ya ugonjwa wa siliaki, ule ambao gluteni, protini ya ngano na jamaa zake, inaumiza utumbo, mstari mmoja, tena nilikuwa naongea habari za maharagwe, kumbe nimefungua mlango wa watu. Nimechagua chache, zilizobaki zinafanana. Na kwa wageni hapa: senga ni shangazi wa kutoa mashauri, na mimi ni senga wa sufuria tu, maswali ya chumbani wapelekeeni masenga zenu wa nyumbani.

SWALI: Senga shikamoo. Nina miaka 34, nafanya kazi ofisini pale Nakasero, Kampala. Mwezi wa tatu daktari kaniambia nina siliaki, nisile ngano wala kitu chochote chenye gluteni maisha yangu yote. Nyumbani nimeshazoea, shida ni nje. Ijumaa ofisi nzima tunatoka pamoja kula lunchi na mimi nimekuwa kama mgonjwa wa kundi, naagiza soda naangalia wenzangu wanavyotafuna. Nimezunguka kutafuta mahali pameandikwa kwenye menyu kwamba hawaweki gluteni, nimepata mkahawa mmoja tu, na kipande cha keki yake bei ni ya kulia. Wewe unakula wapi? (Mama Tatu, Ntinda)

SENGA: Marahaba mwanangu, na pole, ile miezi ya kwanza ni mibaya naijua.

Kwanza hiyo keki iache. Sisemi ni mbaya, nasema umeanza kutafuta kwa upande usio wetu. Wazungu wao mkate ndio chakula, ukimnyima mkate umemnyima kula, ndio maana inabidi wamtengenezee mkate mwingine na keki nyingine na pasta nyingine kwa bei hizo. Sisi huku je? Hebu hesabu sahani ya Uganda: matooke (ndizi za kupika), posho (ugali wa mahindi), kalo (ugali wa ulezi), muhogo, viazi vitamu, viazi mviringo, mayuni (magimbi), wali. Hakuna hata kimoja chenye gluteni. Gluteni iko kwenye ngano, shayiri na rai, ile nafaka ya Wazungu, basi. Ngano yenyewe hapa inalimwa kidogo kule Kapchorwa na Bukwo, nyingi inakuja kwa meli. Iliingia nyumbani kwetu kwa mlango wa chai, mkate, mandazi, chapati, sambusa, na ingebaki huko kwenye chai mimi na wewe tungekuwa tunaishi raha mustarehe. Shida ni kwamba imetoka kwenye chai ikaingia kwenye sosi.

Nikuambie kilichonipata. Miaka minne nyuma nilikula lunchi kwenye bafe moja ya mjini, jina naliacha. Nikachukua matooke na sosi ya karanga, chakula ambacho hata ukiniamsha usiku wa manane nitakuapia hakina ngano. Nimekaa meza ya nyuma karibu na mlango wa jiko, mlango umezuiwa na tofali, nimeshafika nusu ya sahani ndio namwona kijana ana kikombe cha plastiki cha bluu, ndani unga mweupe na maji anakoroga kwa kijiko tararaa, halafu huyo, akamimina wote kwenye sufuria ya binyebwa, ndiyo hiyo sosi ya karanga. Nikamwita, kijana hiyo nini? Akanijibu bila wasiwasi wowote, ngano mama, karanga zimepanda bei, hii inaifanya inakuwa nzito. Banange. Siku tatu nilikuwa mtu wa chooni na baada ya hapo karibu wiki mbili mwili hauna nguvu, hata kupanda ngazi napumzika katikati. Na yule kijana simlaumu, hakuna mtu aliyemwambia kuna binadamu anaumwa na unga.

Tangu siku hiyo naangalia sosi kabla ya kuila. Sosi ya karanga tupu iliyopikwa ikaiva ina chembechembe na mafuta yake yanapanda juu yanafanya vijiduara vya rangi ya dhahabu, na ukiacha ipoe inakuwa nzito lakini inakatika. Iliyotiwa ngano inang'aa, inateleza kama gundi ya shule, na ikipoa inafanya ngozi juu. Hiki si kipimo cha maabara usije ukanishtaki, ni jicho tu la kukuambia uliza swali kabla hujatumbukiza tonge.

Sasa kuhusu wapi. Mimi nachagua jiko, menyu naisoma baadaye. Jiko ambalo halipiki chapati kabisa, au chapati inapikwa nje kule barabarani na mtu mwingine, hilo jiko langu. Na ndani ya jiko hilo nikikuta luwombo sina swali la pili. Umewahi kuangalia luwombo inavyofungwa? Jani changa la mgomba linapitishwa juu ya moto mpaka linalainika na rangi inageuka kijani cheusi, ule uti wa nyuma unachongwa kwa kisu uwe mwembamba lisivunjike, ndani inaingia kuku au nyama au karanga na samaki wa kukaushwa, linakusanywa kama mfuko, linafungwa kwa kamba ya mgomba na kupikwa kwa mvuke masaa. Inasimuliwa ilianzia jikoni kwa Kabaka Mwanga mwaka 1887, mimi sikuwepo. Ninachojua ni kwamba inafika mezani bado imefungwa, unaifungua wewe mwenyewe, ule mvuke unakupiga usoni, na hakuna kijiko cha mtu kilichotoka kwenye sufuria nyingine kikaingia humo. Wenzetu wa nje wanalipa hela nyingi kupata chakula kilichofungwa peke yake hivyo! Unachouliza ni kimoja tu, mchuzi wa ndani umetiwa unga au la. Ukijibiwa hapana, kula mwanangu.

Ijumaa waambie wenzako mwende soko la Wandegeya, upande wa chakula, mchana. Nasema mchana kwa sababu jioni Wandegeya inageuka kuwa ya roleksi (chapati iliyoviringwa na mayai) na kikomando (chapati na maharagwe), kila hatua tano kuna kijana anapiga chapati na unga unaruka hewani. Mchana ni akina mama na masufuria yao, matooke yamefunikwa majani, unaona kila kitu kwa macho yako na mwenye chakula ndiye aliyekipika, kwa hiyo ukiuliza unajibiwa na anayejua. Kwenye mahoteli makubwa unamuuliza weita, weita anaenda kumuuliza mtu, huyo mtu yuko bize anasema mwambie hakuna, basi umeshaliwa.

Mkitaka samaki nendeni Ggaba kule ziwani. Ngege (sato) mzima, mnachagua wenyewe, anakaangwa, mara nyingi ni chumvi tu, lakini sema mapema usipakwe unga kwa sababu siku hizi wengine wanampaka ngano eti asishike kwenye kikaango. Na angalia mafuta: kama kwenye karai hilo hilo kumepita sambusa, huyo samaki ni wa wenzako. Moto hauui gluteni, si mdudu huyo. Hili watu wengi sana hawalijui, wanafikiri kitu kikishakaangwa kimeungua kimeisha.

Kisenyi kwa Wasomali napenda kwa sababu Kiswahili kinapita bila shida na wali wao wa mbuzi na ndizi pembeni ni mtamu kupita kiasi. Ila wanauza na tambi na anjera, anjera yao ina ngano, na nimeona kwa macho yangu mwiko wa tambi ukirudi kwenye wali. Ninachofanya nafika mapema, saa sita kamili, sinia la wali bado halijaguswa, namwambia yule mama nipakulie na mwiko mpya, anacheka ananiita daktari.

Wahindi wako vizuri kuliko watu wanavyofikiri. Dosa ni mchele na choroko nyeusi, bajia ya kweli ni unga wa dengu, mchuzi wao mara nyingi unakuwa mzito kwa vitunguu na nyanya au korosho. Wasiwasi ni hing, ile kiungo inayonuka, ya kopo mara nyingi imechanganywa na unga wa ngano, wewe uliza. Waethiopia wa Kabalagala, injera ya tefu tupu, ile nafaka yao ndogo, ni salama lakini tefu ni ghali na wengi wanachanganya, usikubali jibu la haraka haraka. Wachina naruka, sosi ya soya ina ngano na wao soya ni kama sisi chumvi.

Na jinsi ya kuuliza. Usiseme gluteni. Ukisema gluteni mtu anafikiri ni dawa au ni dini. Sema ngano. Tena usiulize "hiki kina ngano?" kwa sababu mtu anaona swali la mtego anajibu hapana ili uridhike, muulize kwa upole kama mtu anayetaka kujifunza: mama, sosi yako nzuri hivi umeifanya nzito na nini? Atakuambia yote. Ukishasikia hayo, malizia kwa Kiluganda, mutaddemu eŋŋaano? yaani mmetia ngano? na mkono uweke tumboni, hapo wanaelewa haraka kabisa.

SWALI: Senga, mimi ni mfanyabiashara, natoka Arua naenda Kampala kwa basi kila wiki mbili. Nyumbani sina shida. Njiani ndio nakufa njaa, basi likisimama watu wanarukia dirishani na vitu, naogopa vyote. Siliaki ninayo tangu 2019. (Mzee wa Mizigo, Arua)

SENGA: Salamu sana mzee wangu. Kweli nyumbani huwezi kuwa na shida, mtu anayekula enyasa ya muhogo na mtama na mboga zenu zile na simsim amepata wapi ngano?

Safari yako naijua, nimeipanda mara nyingi. Pakwach shuka ukipata dakika, samaki na muhogo wa kuchemsha, hapo ndipo pazuri kuliko pote njia hiyo. Karuma na kule Migyera ni nyama choma kwenye vijiti na gonja, ndizi tamu za kuchoma. Nyama ya mbuzi yenye chumvi haina neno, ila wengine siku hizi wanaipaka sosi ya soya ipate rangi, ukiona nyama nyeusi inang'aa kama kiatu cha polisi achana nayo. Halafu mzee wangu tazama mikono. Kijana mmoja anabeba chapati na gonja kwenye sinia moja, gonja juu chapati chini, anakufungia kwenye gazeti lile lile. Hiyo gonja si salama tena. Nunua kwa yule mwenye gonja peke yake na jiko lake liko pale unaliona. Mahindi ya kuchoma hayana ubishi, mayai ya kuchemsha na maganda yake hayana ubishi, ndizi haina ubishi. Chipsi za njiani sahau, karai ni moja tu, humo humo kuku wa unga humo humo sambusa.

Mimi nikisafiri naweka kwenye kikopo muhogo wa kuchemsha na karanga za kukaanga, nikipata cha moto njiani nashukuru, nisipopata silii. Na kwa wanaokwenda njia nyingine: Namawojjolo kwenye njia ya Jinja na Lukaya ya Masaka kanuni ni hiyo hiyo, kuku wa kijiti na gonja, angalia sinia. Ukifika Mbarara, pale Igongo kule Biharwe kabla ya mji wana chakula cha Kinyankole, kalo na eshabwe. Eshabwe ni samli na maji na chumvi ya mawe inapigwa mpaka inakuwa nyeupe kama maziwa, haipikwi, haina unga, ukiionja mara ya kwanza utashangaa, ya pili utaomba kibuyu.

SWALI: Mambo Senga, nasoma chuo Mbarara. Mwenzangu wa chumba anasema nafaka zote zina gluteni kwa hiyo hata kalo ninayokula inaniua polepole. Na malwa, ile pombe yetu? (Naomba usinitaje.)

SENGA: Mwambie mwenzako alale. Kalo ni ulezi na unga wa muhogo, ulezi hauna gluteni, mtama hauna, mahindi hayana, mchele hauna. Bushera, kile kinywaji cha ulezi au mtama, ni hivyo hivyo. Wasiwasi ni kinu tu: kama umesagisha ulezi wako mahali panaposagwa na ngano, ule uliobaki kwenye mashine ya mwenzako unaingia kwako. Muulize mwenye kinu, au saga mahali wanaposaga mahindi na muhogo na ulezi peke yake. Na unga wa uji wa paketi uliochanganywa vitu saba soma nyuma, wengine wanatia ngano. Milo ina kimea cha shayiri, Horlicks ina ngano na shayiri, Weetabix ni ngano yenyewe, hivyo vitatu viache dukani.

Malwa mimi ni Mwislamu wa Kibuli siinywi, lakini inapikwa kwa ulezi na kimea cha ulezi, tonto nayo, pombe ya ndizi, ni ndizi na mtama, kwa hiyo gluteni haipo. Bia ya kawaida ni shayiri, hapana. Bia za mtama soma chupa kama wamechanganya na kimea cha shayiri. Na chuo umeenda kusoma.

SWALI: Senga habari ya kazi. Nina mkahawa mdogo Mbale, meza tisa. Watalii wanaoshuka mlimani wananiuliza kama nina chakula kisicho na gluteni. Nataka niandike kwenye ubao nje, nipate wateja. Nafanyaje? (Mama Wangi)

SENGA: Nimefurahi umeuliza kabla ya kuandika. Kuna wanaoandika kwanza.

Kipimo kinachotumika duniani, cha Codex, zile kanuni za kimataifa za chakula, ni miligramu 20 za gluteni kwa kilo ya chakula isizidi hapo. Ukipiga hesabu hiyo ni kama robo gramu ya unga wa ngano kwenye kilo nzima ya chakula. Robo gramu! Chukua unga kwa ncha za vidole viwili kama unanyunyizia chumvi, umeshapita. Kwa hiyo usifikirie mapishi peke yake, fikiria vumbi. Je, chapati unapikia humo humo ndani? Mtu anayekanda unga saa mbili asubuhi, ule unga unakaa hewani unatua kwenye masufuria yaliyo wazi, kwenye meza, kwenye kile kitambaa anachofutia kila kitu. Kitambaa ndio adui mkubwa, nimekaa kwenye majiko mengi nakuambia, kitambaa kimoja kinafuta ubao wa chapati kinafuta na sahani ya mgeni.

Kama una nafasi, chapati ihamie nje, au inunue kwa jirani. Kama huna, pika chakula cha watu hawa kwanza alfajiri kabla unga haujafunguliwa, funika, weka mbali. Nunua sufuria moja na mwiko mmoja na karai moja, vipake alama ya rangi nyekundu kwenye mpini, na wafanyakazi wajue kwamba nyekundu haigusi ngano hata kama bosi mwenyewe anasema. Mafuta ya kukaangia mbali. Chujio la tambi usilichujie wali. Vipande vya supu vya paketi na viungo vya unga soma nyuma, soseji ziache kwa sababu nyingi zina makombo ya mkate ndani. Na huyo anayepakua awe mtu mmoja anayejua, maana sufuria ikifika mezani na kila mtu anajipakulia umeshapoteza kazi yote.

Mpaka ufike hapo usiandike hayo maneno kwenye ubao. Andika ukweli: "Malewa ya karanga, hatutii unga wa ngano." Hiyo inatosha kabisa, mwenye siliaki akiisoma ataingia akuulize mwenyewe mengine, na utamwambia chapati inapikwa wapi na yeye ataamua. Na kwa nini uhangaike na pasta za ghali wakati una malewa, machipukizi ya mianzi ya Mlima Elgon yaliyokaushwa kwa moshi, yanapikwa na karanga, mtalii amepanda ndege masaa mengi hajawahi kuyaona? Mpe na matooke. Mimi nikija Mbale nakuja kwako, jiandae na maswali yangu.

SWALI: Senga nimeacha ngano miezi minne nimepona kabisa, tumbo limetulia. Nina haja ya kwenda kupimwa kweli? (Kaka wa Jinja)

SENGA: Ungeniuliza miezi minne nyuma, kaka yangu. Kipimo cha damu kinatafuta askari wa mwili wanaotokea ukiwa unakula gluteni, ukiacha nao wanapungua na majibu yanatoka safi wakati ugonjwa upo. Hata kile kipimo cha kuingiza mpira tumboni na kuchukua kinyama cha utumbo mwembamba kinaweza kudanganyika, utumbo ukishaanza kupona. Kwa kawaida inabidi urudi kula ngano wiki sita hivi, zaidi ya mlo mmoja kwa siku, halafu ndio upimwe, na hiyo usiifanye peke yako, ongea na daktari kwanza. Haja ipo, kwa sababu kama ni siliaki huwezi kuonja onja hata kidogo, na ndugu zako wa tumbo moja na watoto wako nao wapimwe, inatembea kwenye damu ya ukoo. Kama siyo, labda unajinyima mandazi bure, au shida yako ni kitu kingine kabisa kinachohitaji dawa. Na wewe ambaye bado hujaacha na unasoma hapa, pimwa kwanza.

SWALI: Senga najua wewe ni Mwislamu lakini sina wa kumuuliza. Hostia ya kanisani, ule mkate wa Komunyo, ni ngano. Natoka Namugongo, tarehe 3 Juni kwetu ni siku kubwa, nikae tu kwenye benchi? (Anna)

SENGA: Anna mdogo wangu, nimemuuliza jirani yangu ambaye ni katekista na nimesoma kidogo. Kanisa Katoliki linasema lazima hostia iwe ya ngano, ile isiyo na gluteni kabisa haikubaliki, Vatikani walirudia hilo 2017. Lakini wamekubali hostia yenye gluteni kidogo sana, inayobaki ya kutosha tu kuitwa mkate, na pia mtu anaweza kupokea divai peke yake. Kwa mwenye siliaki divai ndio njia ya amani zaidi. Ila ongea na padri kabla ya Misa, si kwenye foleni, na uombe kikombe chako peke yako, kwa sababu kwenye kikombe kikubwa padri anadondosha kipande cha hostia. Na siku hiyo ya tarehe 3 na umati ule wa mahujaji usijaribu, nenda Misa ya siku ya kawaida parokiani kwako wanapokujua.

Chakula cha kubeba Namugongo ni kama cha yule mzee wa Arua, kikopo na muhogo. Kabalagala za kukaanga (vile vikeki vya ndizi, siyo ule mtaa) zinazouzwa pale njiani kwa asili ni ndizi na unga wa muhogo, hazina ngano, lakini siku hizi wengine wanachanganya na karai lao limekaanga mandazi asubuhi nzima, kwa hiyo zipike nyumbani, ndizi zilizoiva zile ndogo tamu, ponda mpaka ziwe uji, ongeza unga wa muhogo kidogo kidogo mpaka ushike, kata duara, kaanga. Pilipili kidogo kama unapenda.

Na yule wa Masaka aliyeuliza nsenene, senene wale wa kukaanga: hazina ngano. Kitunguu na chumvi, mafuta wanatoa wenyewe. Msimu ukifika nitumie kopo.